Kibodi na Kifundo cha Mkono: Kibodi ya Kawaida na Kibodi ya Egonomia katika Kazi ya Uhazili



1. Utangulizi

Kwa miaka mingi mhazili wa Tanzania amepimwa kwa kasi. Matangazo ya kazi yanataka hatimkato ya maneno 80 kwa dakika, na mwajiri anataka chapa safi isiyo na makosa. Ni nadra mtu kuuliza mikono hiyo itakuwaje baada ya miaka ya kuchapa mihtasari, barua na ripoti. Mada hii inauliza swali hilo, na hoja yangu ni moja: kibodi nzuri ni ile inayokiacha kifundo cha mkono kimenyooka. Kibodi ya egonomia imeundwa kwa ajili hiyo. Ya kawaida nayo inaweza kukaribia ikiwekwa inavyostahili. Kwa hiyo tusianze na bei, tuanze na mkono.

2. Kibodi tuliyoirithi

Umbo la kibodi ya kawaida limetoka kwenye taipu. Christopher Latham Sholes na wenzake, huko Milwaukee, Marekani, walipata hataza ya kwanza mwaka 1868, na kampuni ya Remington ikaanza kuuza mashine yao mwaka 1874. Kila kitufe kilikuwa na wenzo wake, na ili nyenzo zipate nafasi ya kupita, safu za vitufe zilipishana kidogo. Kompyuta haina nyenzo hizo, lakini safu zinapishana hadi leo. Ukitazama Q, A na Z kwenye kibodi ya kawaida utaona zimekaa mshazari. Tumerithi mahitaji ya chuma, na mkono ndio unaoyatumikia.

3. Yanayoupata mkono

Weka mikono yako juu ya kibodi ya kawaida, kisha uitazame kutoka juu. Mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, viganja hulazwa chini kabisa, na mifupa miwili ya kigasha ikajisokota. Pili, kwa kuwa vitufe vimebanana katikati na mabega ni mapana, mikono huingia ndani na vifundo hupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Tatu, ukiwa umesimamisha vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, viganja huinuka na kifundo hukunjika kwa juu.

Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba inayopitisha kano 9 za kukunjia vidole pamoja na neva moja kubwa. Kifundo kikikunjwa, shinikizo ndani ya njia hiyo huongezeka. Neva hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ndiyo maana mtu anayeamka usiku vidole hivyo vikiwa na ganzi, huku cha mwisho kikiwa kizima, anatakiwa kumwona daktari mapema. Kuchapa si chanzo pekee: ujauzito, kisukari na upungufu wa homoni za tezi ya shingo pia huchangia. Mchapaji asijitibu kwa kununua kibodi.

4. Kibodi ya egonomia inafanya nini

Wazo la kuigawa kibodi mara mbili si geni. Mjerumani E. A. Klockenberg alilipendekeza mwaka 1926, na Karl Kroemer akalifanyia majaribio katika kazi aliyoichapisha mwaka 1972. Huko Uingereza, Lillian Malt alishiriki kuunda kibodi ya Maltron katika miaka ya 1970. Wazo hilo lilienea maofisini baada ya Microsoft kutoa kibodi yake ya Natural mwaka 1994.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Kuigawa kibodi huacha kila mkono ukae mbele ya bega lake, na kifundo hakipindi kando. Kuinua sehemu ya katikati hupunguza ule msokoto wa kigasha. Kuinamisha upande wa nyuma huzuia viganja kuinuka. Tatizo la kwanza, la pili na la tatu, kila moja lina dawa yake.

Je, inasaidia kweli? Pat Tittiranonda na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, waliwafuatilia kwa miezi 6 watumiaji 80 wa kompyuta waliokuwa na maumivu ya mikono. Waliopewa kibodi hiyo ya Natural walieleza kupata nafuu kuliko waliopewa ya kawaida, ingawa uchunguzi wa kitabibu haukuonyesha mabadiliko yanayolingana na nafuu hiyo. Kwangu mimi hilo linatosha kuipendekeza kwa anayechapa kutwa, na halitoshi kuiita tiba.

Ina gharama zake pia. Bei ni kubwa, siku za mwanzo kasi hushuka, na kwenye meza inayotumiwa na watu wawili kwa zamu mmoja atalalamika. Anayechapa kwa vidole viwili huku akitazama vitufe hatafaidi sana: ajifunze kwanza kuchapa kwa vidole kumi.

5. Kiswahili chini ya vidole

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi zaidi. Chapeni maneno haya: Baraza la Kiswahili la Taifa. Yana herufi 24, na 8 kati yake ni A, yaani theluthi nzima. A hupigwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kidole hichohicho ndicho kinachopiga Z, kwa hiyo kila «za» ni mwendo wa kidole kimoja. Kila «ki» nayo ni kazi ya kidole cha kati cha kulia peke yake. Katika neno «nyumba», herufi nne za mwanzo zote ni za kidole cha shahada cha kulia, kikiruka chini, juu, juu, chini.

Kuigawa kibodi hakuondoi mzigo huo, kwa kuwa herufi hubaki palepale. August Dvorak na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio mwingine mwaka 1936, lakini nao walikichunguza Kiingereza. Waliziweka irabu zote mkono wa kushoto, jambo linaloifaa lugha yetu ya silabi za konsonanti na irabu. Hata hivyo A iliachiwa kidole kilekile cha mwisho, na K, P, Y na J zikawekwa kushoto pamoja na irabu. Mchapaji wa Kiswahili, basi, ana sababu ya ziada ya kupiga vitufe kwa wepesi na kupumzisha mkono wa kushoto.

6. Mapendekezo

(a) Leo hii, kunjeni vijiguu vya nyuma ya kibodi. Hakuna gharama.

(b) Viwiko vikae karibu na mbavu, vikiwa sawa na kimo cha vitufe. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 75 hivi, kimo cha kuandikia kwa kalamu. Mtu mfupi apandishe kiti na kuweka kitu imara chini ya miguu.

(c) Anayetumia kompyuta mpakato kutwa ainyanyue juu ya rimu za karatasi hadi skrini ifikie macho, kisha aunganishe kibodi ya pembeni. Hata ya bei nafuu itamfaa kuliko kuinama.

(d) Ofisi inunue kibodi za egonomia kwanza kwa wanaochapa kutwa na kwa wenye maumivu, si kwa kufuata vyeo. Wapewe muda wa kuzizoea bila kudaiwa kasi ileile.

(e) Vyuo vya uhazili vifundishe mkao wa mkono pamoja na kasi tangu somo la kwanza.

7. Hitimisho

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, na mhazili ni mfanyakazi kama wa kiwandani. Naomba semina hii iazimie kwamba kila orodha ya mahitaji ya ofisi itakayoandaliwa na washiriki ianze na kiti na kimo cha meza, ifuatiwe na kibodi. Tukiufuata mpangilio huo, fedha kidogo tulizonazo zitawafikia wanaozihitaji zaidi.