Anwani ya Protini

Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi kina mama mliokuja mkitarajia kufundishwa kujichunguza matiti: karibuni nyote. Hilo la kujichunguza tutalifikia kwenye maswali.

Mtu akikaa barazani kwako ni mgeni. Yuleyule ukimkuta chumbani ameinamia sanduku la nguo, unapiga yowe. Protini nazo ndivyo zilivyo. Katika saratani ya matiti, kipokezi cha estrojeni tunakitafuta ndani ya kiini cha seli, na protini iitwayo HER2 tunaitafuta kwenye utando wa nje. Rangi ya HER2 ikitapakaa katikati ya seli huku utando ukiwa mtupu, mtaalamu wa patholojia haihesabu. Iko pia E-kadherini, gundi inayoshikanisha seli na seli. Ikitoweka, seli za saratani huachana na kupenya tishu kwa msururu, mojamoja, kama siafu. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi katika saratani ya vitundu vya maziwa, ambayo huweza kuenea bila kufanya donge, vidole vikapita juu yake visihisi kitu.

Kwa miaka mingi tulipaka kipande kimoja cha tishu kingamwili moja inayonasa protini moja, tukasubiri rangi ya kahawia. Ukitaka protini tano, kata vipande vitano. Wengine waliisaga tishu yote wakapima kilichomo. Huko ni kuonja mchuzi uliokwisha kuungwa: nazi utaitambua, lakini hutajua nani alikaa karibu na nani.

Mwaka 2014 makundi mawili ya watafiti yalitoka na jibu linalofanana. Huko Zürich, kundi la Bernd Bodenmiller liliacha rangi na kufunga kingamwili kwa metali adimu, kila kingamwili na metali yake. Leza inachoma tishu nukta kwa nukta, nukta moja upana wake mikromita 1, na mvuke unaotoka unapelekwa kwenye mashine inayopima uzito wa atomi. Rangi zikizidi chache huingiliana; uzito wa metali mbili tofauti hautatanishi hivyo. Wakasoma protini 32 kwa mpigo, tena kwenye tishu ya saratani ya matiti. Kule Stanford walitumia boriti ya ioni badala ya leza.

Kwa chombo hicho cha Stanford, mwaka 2018 zilichorwa ramani za protini 36 katika uvimbe wa wagonjwa 41 wenye saratani hasi-tatu, ile isiyo na vipokezi vya homoni wala HER2 ya kuzidi. Kwingine askari wa kinga walikuwa haba. Kwingine walichanganyika na seli za saratani, kama sokoni hasa. Kwingine walijitenga, wao upande wao na saratani upande wake, mpaka ukionekana wazi. Mimi ningebashiri kwamba waliochanganyika ndio wanaopigana vizuri. Nilikosea: wagonjwa ambao askari wao walijitenga waliishi muda mrefu kuliko wale ambao askari wao walichanganyika. Wagonjwa 41 ni wachache, nakiri, lakini swali hilo lisingeulizika bila ramani.

Sasa turudi nyumbani. Mtaniuliza tutanunua lini mashine hiyo, nami nitawajibu kwa habari ya ndoo. Titi lililokatwa Ijumaa jioni liliwahi kutufikia Jumatatu likiwa zima ndani ya ndoo, halijapasuliwa, limezamishwa kwenye fomalini kidogo, ile dawa ya kuhifadhi tishu. Fomalini hupenya kama milimita 1 kwa saa. Nje palikuwa pamekakamaa kama ngozi ya ngoma. Katikati, penye uvimbe, palikuwa pameoza. Ramani gani ingechorwa pale?

Tishu ikichelewa, vipokezi vya estrojeni vinaweza kupotea kabla hatujavipima. Tunaandika “hasi”, na mama aliyestahili tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu kuliko dawa nyingi za saratani, anakikosa. Miongozo ya kimataifa inataka tishu iingie fomalini ndani ya saa 1, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Hakuna leza hapo. Panahitajika kisu cha kupasua uvimbe vipande, kopo lenye mdomo mpana, na fomalini ya kutosha.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa Chuo halina metali adimu. Naomba fomu yetu ya maabara iongezwe mistari miwili: saa tishu ilipokatwa, na saa ilipotumbukizwa.