Kuyatibu Macho Si Kuikataa Kadari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akamjaalia kusikia na kuona. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.



Asubuhi, kabla jua halijawa kali, huonekana njiani mzee ameshika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili imeshikwa na mtoto. Mtoto hutangulia, mzee hufuata. Wapita njia humwonea huruma mzee, lakini aghalabu hapana amtazamaye mtoto. Naye ni wa umri wa kwenda shule na chuoni. Saa ile wenzake wanaposoma alifu na hesabu, yeye yupo njiani akimpeleka babu msikitini, kisha kivulini, kisha nyumbani. Basi jicho lililofungika la mtu mmoja limewafungia mlango watu wawili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi katika wazee hao waweza kuona tena. Ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wote duniani ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho imo lenzi, ambayo asili yake ni safi kama maji. Uzee ukija, lenzi hiyo hupata ukungu, na nuru haipiti. Wala haumi, wala haambukizi, wala hapana dawa ya kutia wala ya kunywa iwezayo kumwondoa. Daktari huligandisha jicho kwa dawa lisisikie maumivu, akaitoa lenzi iliyoharibika, akatia nyingine ya kutengenezwa. Kwa daktari mzoefu kazi hiyo kwa kawaida haizidi nusu saa. Wahudumu wa macho walio karibu humtambua mgonjwa, naye hupelekwa kupasuliwa katika hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Arua.

Ikiwa dawa ipo, ni nini kinachowazuia wazee? Umbali ni sababu, na nauli ni sababu. Lakini yako maneno mengine yasemwayo kwa jina la dini, nayo yapasa yajibiwe kwa dini.

Neno la kwanza ni kwamba upofu ni kadari ya Mungu, na mwenye imani huvumilia. Ni kweli kwamba ni kadari, na mwenye kuvumilia ana ujira mkubwa. Lakini dawa nayo ni kadari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kwamba kila ugonjwa Mungu ameuwekea dawa yake. Sayyidna Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari ya tauni akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika kadari nyingine yake. Basi mzee anayepanda pikipiki kwenda kutibiwa, naye hali yake ni hiyo hiyo.

Neno la pili ni la wazee wapendao sana ibada. Husema, "Nikipasuliwa nitakatazwa kusujudu; na nitawezaje kuacha sijida?" Neno hili lina asili yake. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, Mungu awe radhi naye, alipoanza kupoteza nuru ya macho aliambiwa atatibiwa kwa sharti alale chali siku kadhaa na kusali hivyo. Akawauliza wakubwa miongoni mwa masahaba, kisha akaacha. Lakini wanavyuoni waliofuata waliichambua mas'ala hii. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, yaani 1277, ameeleza katika kitabu chake al-Majmuu kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii ni kwamba yafaa, iwapo tabibu mwaminifu amesema kuwa ndiyo njia ya kupona. Tena siku hizi mgonjwa hatakiwi kulala chali siku nyingi. Aghalabu hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake. Akiambiwa asiiname kwa siku chache, atasali ameketi na kuashiria kwa kichwa, na sala yake ni kamili. Akikatazwa kutia maji jichoni, amwulize imamu wake namna ya kutawadha. Ruhusa ipo, na vitabu vya fiqhi vimejaa habari zake.

Neno la tatu ni la Ramadhani. Yuko aliyeandikiwa dawa ya matone, na mwezi ukiandama huiacha kwa kuchelea saumu yake. Kwa Shafii na Hanafi, tone la jichoni halifunguzi. Wafuasi wa Imam Malik husema hufunguza likifika kooni. Na hata kwa kauli hiyo, mgonjwa anayo ruhusa ya kula na kulipa. Kuacha dawa si uchamungu, hasa kwa mwenye presha ya macho. Ugonjwa huu huiba nuru polepole kuanzia pembeni, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi tena. Mwenye mtoto wa jicho akichelewa mwaka, aghalabu bado yuko wa kumsaidia. Mwenye presha ya macho akichelewa, huenda asipate wa kumsaidia.

Neno la nne ni fupi: "Mimi nimezeeka, macho nayatakia nini tena?" Mwenye kusema hivyo na amtazame mtoto aliyeshika ncha ya pili ya fimbo.

Wala isidhaniwe kwamba elimu hii ya macho ni kitu kigeni kwa Waislamu. Ali bin Isa wa Baghdad aliandika kitabu cha maradhi ya macho kilichosomwa na matabibu kwa karne nyingi. Ammar wa Mosul, aliyefanya kazi Misri zama za Khalifa al-Hakim, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, aliandika jinsi ya kumvuta mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Basi anayekwenda kwa daktari wa macho anaifuata njia waliyoipita mababa zake katika dini.

Yako pia maradhi ya kuzuiwa kabla hayajaingia. Nchi ya West Nile iliumizwa sana na usubi, yaani upofu wa mtoni, uletwao na inzi wadogo weusi wanaozaliana penye maji yaendayo kasi. Dawa yake, Mectizan, hutolewa bure na watengenezaji wake tangu 1987, na Uganda iliazimia mwaka 2007 kuukomesha kabisa ugonjwa huo. Koboko imepakana na Sudan Kusini na Kongo, na inzi hajui mpaka. Kwa hiyo dawa inapogawiwa, asiikatae mtu kwa kuwa haoni dalili. Watoto nao waoshwe nyuso zao kila siku, kwani uchafu wa macho huwaita nzi, na nzi hueneza trakoma. Mtu mzima huosha uso mara tano kwa ajili ya sala. Mtoto asiyesali bado anamtegemea mzazi. Wapewe pia maembe, mapapai, maboga na mboga za majani, wakachanjwe surua. Na jicho linapouma, lisitiwe maji ya majani wala maziwa, kwa maana mengi yaliyopofuka yalipofushwa na dawa hizo.

Sasa lililobaki ni tendo. Kila msikiti na uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba. Kipimo chao ni chepesi: wamzibe mzee jicho moja, wasimame mita 3 mbele yake, wamwonyeshe vidole avihesabu, kisha jicho la pili. Asiyeweza aandikwe jina. Wala wasiishie barazani kwa wanaume. Duniani wanawake vipofu ni wengi kuliko wanaume, na mara nyingi bibi kizee hukaa ndani miaka mingi bila mtu kuuliza habari ya macho yake. Nauli ya asiyejiweza itoke katika sadaka, na apate mtu mzima wa kumsindikiza, si mtoto.

Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa. Naye alikuwa mwadhini wa Mtume, na mara nyingine aliachiwa mji wa Madina ausimamie. Kipofu asiyeponyeka ana heshima yake kamili katika umma huu. Lakini kumwacha gizani anayeponyeka, ilhali dawa ipo Arua, si heshima wala si subira yake. Ni uzembe wa jamaa zake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Lurujo na Waislamu wote, awajaze kheri wanaowatibu, na awarudishe watoto wao shuleni na chuoni. Amin.