Injini Mpya katika Trekta Kuukuu la Bustani



Twataka kusema nanyi habari za chombo kitumiwacho sana huko Marekani, nacho ni trekta la bustani. Si lile kubwa la mashambani. Hili ni dogo, na mtu mmoja hulipanda akakata majani, akalima matuta ya mboga, akavuta tela la samadi, na wakati wa baridi akasukuma theluji mlangoni pake. Wheel Horse walianza kazi mwaka 1946 katika mji wa South Bend, Indiana. International Harvester wakatoa Cub Cadet mwaka 1961. Na John Deere wakatoa namba 110 mwaka 1963. Mengi ya matrekta hayo yangali yakifanya kazi, maana fremu na giaboksi zake zilitengenezwa kwa chuma kizito. Kichakaacho mapema ni injini. Basi mwenye trekta hujiuliza: je, nitie injini mpya?

Wazee wetu walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa hiyo yafaa kuichunguza ya zamani kwanza. Matrekta mengi ya miaka ile yalikuwa na injini ya Kohler yenye silinda moja ya chuma cha kusubu. Mfano wake ni ile iitwayo K241, yenye nguvu za farasi 10. Ikitoa moshi na kula mafuta, fundi aweza kuichonga silinda na kutia pistoni iliyo kubwa kidogo, nayo ikafanya kazi miaka mingine mingi. Lakini mkono wa pistoni ukivunjika na kutoboa mwili wa injini, gharama ya kutengeneza yaweza kupita bei ya injini mpya. Hapo ndipo kubadili kunapofaa.

Katika kuchagua, msitamani nguvu nyingi. Giaboksi iliyoundwa kwa farasi 10 haikuundwa kwa 20. Honda GX390, kwa mfano, ina ujazo wa sentimita 389 za mraba wa tatu, nao ni karibu sawa na ule wa K241. Tena zote mbili zimepimiwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Lakini tofauti zipo. Honda ni nyepesi zaidi, kwa hiyo magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, na trekta likivuta mzigo mlimani usukani huweza kulegea. Dawa yake ni kufunga uzito mbele.

Shafti pia hazilingani. Ile ya K241 ina unene wa inchi 1 na sehemu ya 8 ya inchi, na ile ya GX390 ina inchi 1. Puli ya zamani itachezacheza juu yake, na puli ichezayo hula shafti. Tafuteni puli yenye tundu la kipimo chake, wala msijaze nafasi kwa vipande vya bati.

Matundu ya bolti nayo hayatakutana. Msitoboe fremu ya trekta. Kateni bamba nene la chuma, mlifunge katika matundu ya zamani, kisha injini ifungwe juu ya bamba hilo. Wekeni rula ndefu ya chuma ubavuni mwa puli mbili. Ikigusa zote sawasawa, mkanda utakwenda vema. Puli zikipishana, mkanda utachakaa upesi au kuruka. Wenye Cub Cadet nyingi za zamani zilizotoka tangu mwaka 1963 wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa nguvu haipiti katika mkanda bali katika shafti iendayo moja kwa moja nyuma. Hiyo yataka unyofu kamili, la sivyo itatetemeka mpaka ivunje viungo vyake.

Sasa twafika penye jambo la kuogopwa, nalo ni umeme. Katika injini nyingi za Kohler za zamani, cheche ilitokana na betri. Ufunguo ukiwashwa, umeme wa volti 12 ulikwenda kwenye koili. Ukizimwa, umeme ulikatika na injini ikasimama. Injini mpya za namna ya GX390 hutumia magneto, yaani sumaku iliyo katika gurudumu zito la injini hutengeneza cheche yenyewe, bila betri. Kuizima hapana budi waya wake wa kuzimia uguse chuma cha injini.

Hapa makosa mawili huwapata watu. Mmoja huuacha waya ule bila kuufunga. Akizima ufunguo, injini haisikii, yaendelea kuzunguka na visu vya kukatia majani vyazunguka chini. Mwingine huuunganisha na waya wa zamani uletao volti 12, na koili mpya yaungua. Dawa ni moja: ondoeni swichi ya zamani, mtie ile iliyofanywa kwa ajili ya magneto, ambayo ikizimwa huunganisha waya na chuma. Kabla ya kuanza kazi hiyo, fungueni waya wa betri.

Mrija wa moshi usielekee kwenye tangi la petroli, wala kwenye miguu ya mwendeshaji, wala kwenye nyaya. Tena msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Kabla ya kuvisha mkanda, washeni injini peke yake, kisha mzime kwa ufunguo. Fanyeni hivyo mara kadhaa. Isiposimama kila mara, trekta lisitoke bandani. Wala msiguse gavana ili kuzidisha mizunguko. Kisu kizungukacho kupita kiasi huweza kupasuka, na kipande chake hakichagui wa kumpiga.

Mwisho, injini ya zamani msiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Ifuteni, mtie mafuta ndani ya silinda, na kuiweka mahali pakavu pamoja na puli na bolti zake. Akiba haiozi. Kama fremu haikutobolewa wala kukatwa, mtoto au mjukuu atakayelirithi trekta hilo aweza siku moja kulirudisha jinsi lilivyotoka kiwandani. Aliyeikata fremu amemkatia mrithi wake njia hiyo.