Pumzi Chini ya Barafu: Majira ya Baridi Kali, Samaki wa Maziwani na Wavuvi wa Ndoana

Samaki wazawa wa maziwa ya kaskazini huuawa na baridi yenyewe mara chache sana. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yanapofikia nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi huwa mepesi, hupanda juu na kugandia huko. Ndiyo maana ziwa la Minnesota, Marekani, huweza kubeba magari juu ya barafu mwezi Januari, na chini yake paiki wakaendelea kuogelea. Perege wa asili ya Afrika walioletwa Florida hawana ustahimilivu huo: baridi ya Januari 2010 iliwaua kwa wingi. Kaskazini, kinachoua ni kukosa pumzi.

Mwanzoni oksijeni huwa tele. Maji yanayokaribia kuganda hubeba miligramu 14 hivi kwa lita. Yenye nyuzi 25 hubeba 8 tu. Lakini barafu ikishafunga uso wa ziwa, upepo hauingizi tena hewa, na akiba iliyomo haina budi kutosha hadi barafu iyeyuke. Mwani na majani ya majini huiongeza kidogo maadamu mwanga unapenya, na barafu angavu huupitisha vizuri. Theluji ndiyo huzima taa: ikilala sentimita 15, giza huwa karibu kamili. Mimea hufa, bakteria wa matopeni huiozesha, na kazi hiyo hula oksijeni siku baada ya siku. Kwa hiyo majira yenye baridi ya kutisha lakini theluji haba huweza kuwa salama kuliko majira ya wastani yenye theluji nzito iliyowahi kuanguka na kuchelewa kuyeyuka. Maziwa ya kina kifupi yenye tope jingi ndiyo hupatwa kwanza.

Samaki hawalingani katika kuvumilia. Trauti hutaabika mapema. Paiki hustahimili hata oksijeni ikishuka chini ya miligramu 1 kwa lita. Wa ajabu kuliko wote ni Carassius carassius wa Ulaya, anayeishi bila oksijeni kabisa kwa miezi. Hutumia glikojeni aliyoihifadhi kwenye ini, na badala ya kulimbikiza asidi mwilini huigeuza kuwa alkoholi inayotokea kwenye matamvua. Vifaranga wa aina nyingine huwa na adui wa pili, njaa: aliyeingia majira akiwa mdogo mno humaliza mafuta yake kabla ya machipuko.

Mvuvi wa ndoana hutoboa barafu kwa kekee ndefu, baada ya kuhakikisha unene wake haupungui sentimita 10. Tundu likitoa harufu ya yai viza, au dagaa wakajazana hapo wakitweta, ziwa limeishiwa hewa. Minnesota huruhusu wakati huo samaki wavuliwe kwa masharti nafuu, maana wangekufa bure. Pengine mashine za kupuliza hewa huwashwa. Lakini hudhoofisha barafu, hivyo sheria za huko hudai mabango ya onyo.

Barafu ikiyeyuka, mizoga huelea ufukweni. Wachache waliopona hukua haraka kwa wingi wa chakula, na ziwa hupandikizwa vifaranga. Samaki mkubwa wa kujivunia, hata hivyo, huchukua miaka kadhaa kurudi kwenye ndoana.