Kanzu Ndogo ya Samweli

Somo: 1 Samweli 1:9-28 na 2:18-20

Asubuhi ya leo nataka tufikiri pamoja juu ya wazazi na walimu wa watoto wetu wadogo, wale wa shule za nasari. Mwenye Biblia na afungue kitabu cha kwanza cha Samweli. Asiye nayo karibu na asikilize tu.

Mwazijua habari za Hana. Alikuwa hana mtoto, akaenda Shilo kuomba. Aliomba kwa moyo. Midomo ilitikisika lakini sauti haikusikika. Eli kuhani alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango. Akaitazama ile midomo, akakata shauri kwamba mwanamke huyu amelewa, akamkemea. Hakuuliza kwanza. Aliona jambo moja kwa macho, akajaza yaliyobaki kwa mawazo yake mwenyewe.

Ndugu zangu, mimi nami nimeketi katika kiti hicho cha Eli. Nitawaeleza.

Parishi yetu ina shule ya nasari katika ukumbi wa kanisa, nami nilikuwa mwenyekiti wa kamati yake. Palikuwa na mtoto mmoja wa miaka minne. Kila asubuhi alisinzia. Wenzake wakiimba, yeye alilaza kichwa mezani. Akiamshwa, alilia na kuwapiga wenzake. Mwalimu aliandika katika daftari la mtoto kwamba alazwe mapema. Jibu halikuja. Akaandika mara ya pili, kimya. Basi akaniletea mimi shauri hilo.

Siku ya mkutano wa wazazi nilisimama nikasema kwa ukali kwamba wako wazazi wasiojali, wanaokesha na watoto na kutuletea watoto wa kusinzia. Sikutaja jina. Lakini shule ni ndogo, na kila mtu alijua nasema nani. Mama yule aliinama. Jumatatu yake mtoto hakuja, wala Jumanne. Wiki tatu zikapita.

Ndipo nikaenda kumtembelea. Nikakuta habari ambayo swali moja tu lingalinifunulia. Mama yule huuza sukuma wiki sokoni. Saa kumi alfajiri ni lazima awe amefika kulipokea lori la mboga. Hana wa kumwachia mtoto, kwa hiyo humwamsha saa tisa usiku, akamfunga mgongoni, akampeleka kwa nyanya yake. Nyanya ndiye aliyemleta shuleni, na nyanya hajui kusoma. Lile daftari alilitunza vizuri sana ndani ya kitambaa, akidhani ni kitabu cha masomo ya mtoto.

Nilimwambia, "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Pasta, ulinisema mbele ya watu. Mbona waniomba msamaha jikoni?"

Sikuwa na la kujibu. Mkutano uliofuata nilisimama mahali pale pale, nikakiri mbele ya wazazi kwamba nilihukumu bila kuuliza. Mtoto akarudi. Mwalimu akatandika mkeka nyuma ya darasa, naye akawa analala muda wa saa moja kila asubuhi, kisha huamka na kucheza na kujifunza kama wenzake. Dawa ilikuwa mkeka. Nasi tulikuwa tumeleta fimbo.

Sasa turudi Shilo. Hana alipokemewa, hakutukana, wala hakuondoka kwa hasira. Alijibu kwa heshima, akamweleza Eli uchungu wa moyo wake. Naye Eli, ingawa alikuwa kuhani na mzee, hakushikilia neno lake. Aligeuka, akambariki. Hebu fikirini: mtoto alipozaliwa na kuachishwa ziwa, Hana alimkabidhi kwa mtu yule yule aliyemdhania mlevi! Angewezaje, kama wasingalisemezana na kupatana?

Tena tazameni neno hili. Hana hakumwacha Samweli pale akamsahau. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe. Mtoto hukua. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Biblia haituambii Hana alijuaje kipimo, lakini najua kwamba mama hawezi kumshonea mtoto asiyemwona wala kuulizia habari zake. Kanzu ile ilisema, "Mtoto huyu yu mikononi mwako, lakini angali wangu." Na Eli alipowaona, aliwabariki Elkana na mkewe wote wawili. Baba naye alikuwapo.

Katika nchi yetu, shule nyingi za nasari zilianzia katika majumba ya makanisa na kwa jitihada ya Harambee. Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu hii ya watoto wadogo mikononi mwa serikali za kaunti. Hayo ni mema, nasi twashukuru. Lakini kaunti haiwezi kusimama mlangoni pako asubuhi ikamwambia mwalimu kwamba mtoto hakulala kwa sababu ya homa. Hiyo ni kazi yako, mzazi. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo, ninyi walimu: ulizeni kabla ya kusema. Mwambieni mzazi na jema la mtoto wake, asije akayajua majina yenu kwa mashtaka tu. Anayemleta mtoto, awe nyanya au msichana wa kazi, msalimuni na kusema naye kwa lugha anayoielewa. Bwana wetu alifundisha, katika Mathayo 18:15, kwamba ndugu akikosa tumwendee tukiwa wawili tu. Siku hizi wazazi wengi wamo katika kundi moja la simu. Kumkemea mzazi humo ni kumkemea mbele ya mkutano. Na siri ya nyumba uliyoambiwa, isitoke kinywani mwako.

Nanyi wazazi: mwalimu si mtumishi wako, wala si adui yako. Nyumbani pakiwa na msiba, ugonjwa au ugomvi, mwambie kidogo, apate kujua kwa nini mtoto analia. Usimtete mwalimu mbele ya mtoto, maana kesho mtoto huyo atakataa kumsikia. Daftari likija, litazame. Kama hujui kusoma, si aibu kumwambia mwalimu akusomee. Na ninyi akina baba, msidhani kwamba mkilipa karo mmemaliza. Fika shuleni, mwulize mwalimu mtoto wako anapenda mchezo gani.

Labda unayenisikiliza una neno moyoni juu ya mwalimu wa mtoto wako, au wewe mwalimu juu ya mzazi fulani. Usingoje mkutano. Mwendee kesho asubuhi, mlangoni, uanze kwa kuuliza. Na kama ulimwaibisha mtu mbele ya watu, usimwombe msamaha jikoni.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyemsikia Hana ambaye sauti yake haikusikika, tufundishe kusikia kabla ya kuhukumu. Wabariki walimu wa watoto wadogo, ambao kazi yao ni nzito na shukrani ni haba. Wakumbuke akina mama waamkao usiku kutafuta riziki, na nyanya waleao mara ya pili. Utupatanishe kwa ajili ya watoto uliotukabidhi, wakue, wakipendwa nawe na watu pia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.