Hotuba ya Ijumaa: Aliyeirudia Pombe Asikate Tamaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola aliyetuumba huku akiujua udhaifu wetu, akatufungulia mlango wa toba kabla hatujaugonga. Twamsifu, twamtaka msaada na twamwomba maghufira. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani mwenu, kutoka Kayanga na Omurushaka hata Nkwenda, Kaisho na Murongo, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zetu Waislamu, juu ya uharamu wa ulevi tumekwisha kusema mara nyingi. Mnazijua aya zilizoteremka hatua kwa hatua: aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara, kisha aya ya 43 ya Sura ya An-Nisaa, kisha aya ya 90 na ya 91 za Sura ya Al-Maida, zilizolifunga jambo hilo kabisa. Sheria imetimia, wala hakuna ruhusa ya kuonja. Leo tunataka kusema juu ya ndugu aliyeisikia hukumu hiyo, akaikubali, akaiacha pombe, kisha baada ya miezi michache akaanguka tena. Mtu huyu ana hali gani mbele ya Mola wake? Na sisi tuna wajibu gani kwake?

Tupige mfano. Mtu mmoja ana kibanja chake cha migomba na kahawa katika kimojawapo cha vijiji vyetu. Amekunywa miaka kumi na miwili. Mwezi wa Shaabani alitubu, akaifunga Ramadhani yote, akaonekana safu ya mbele katika sala ya tarawehe. Watoto wake, waliokuwa wakimkimbia jioni, wakaanza kumngoja mlangoni. Shawwali ikaingia, ikapita. Kisha kahawa ikauzwa, fedha zikafika mkononi, na siku ile ile palikuwa na harusi kwa jirani. Rubisi ilikuwa tayari: ndizi mbivu zimekamuliwa, maji yake yamechanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakalala usiku yakichacha mtumbwini. Rafiki wa zamani akamnyoshea mrija, akamwambia, "Onja tu, bwana, usiwadharau wenyeji." Akaonja. Usiku ule alilala njiani. Asubuhi alijikuta na nusu ya fedha zake, na mkewe hakumwambia neno. Ijumaa ilipofika aliisikia adhana, naye akabaki amekaa nyuma ya nyumba. Akasema moyoni mwake, "Mimi sina toba tena. Nimewaaibisha watu wa msikiti. Maadamu nimekwisha kuharibika, bora niendelee." Na kweli, akaendelea.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi mtu huyu alivyoanguka mara mbili. Mara ya kwanza aliangushwa na mrija. Mara ya pili aliangushwa na kauli ile aliyoisema nyuma ya nyumba. Na kuanguka huku kwa pili ndiko kulikomweka mtumbwini miezi mingine mingi. Mrija ulimnywesha siku moja; kukata tamaa kulimnywesha siku zote zilizofuata. Shetani anajua hesabu hii. Hana haja kubwa na kibuyu kimoja. Haja yake ni kumfanya mja aamini kwamba Mola wake amemchoka.

Lakini Mwenyezi Mungu katika aya ya 53 ya Sura ya Az-Zumar anawaita wale waliozidhulumu nafsi zao kupita kiasi, na anawakataza wasikate tamaa na rehema yake. Mwito ule haukuwataja waliokosea mara moja tu. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alisimulia habari za mja aliyekosa akatubu, akasamehewa, akakosa tena akatubu, akasamehewa, akakosa tena, na Mola wake akamsamehe, kwa sababu mja yule alijua kwamba anaye Mola asameheye. Imam Nawawi na wanachuoni wengine wameeleza kwamba aliyetubu kwa kweli, kisha akarudia dhambi, toba yake ya kwanza haibatiliki. Dhambi mpya inataka toba mpya. Zile siku ulizokaa bila pombe, ewe ndugu, hazikufutika. Ramadhani uliyoifunga ni yako, na jioni zile ambazo watoto wako walikungoja mlangoni Mola wako alizishuhudia.

Tunajua pia kwamba wako watu wanaoishika hadithi isemayo kuwa mnywaji hatakabaliwa sala yake siku arubaini, wakaifanya hoja ya kuuhama msikiti. Husema, "Sala yangu haipokewi, nisali kwa nini?" Hili ni kosa kubwa. Wanachuoni wamefahamisha kwamba maana yake ni kunyimwa thawabu za sala, wala faradhi yenyewe haimwondokei. Akiiacha ameongeza dhambi juu ya dhambi. Na hadithi hiyo hiyo yataja kwamba akitubu, Mwenyezi Mungu hupokea toba yake. Basi asiikaribie sala akiwa mlevi, kama aya ilivyokataza. Bali mara akili zimrejeapo, na aoge, atawadhe, asimame asali. Asingoje siku arubaini wala asingoje Ijumaa.

Na toba ina masharti yake: kuiacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na kurudisha haki za watu. Ikiwa fedha za kahawa zilikuwa karo ya mtoto, basi sehemu ya toba ni kumwambia mama wa mtoto ukweli na kuifanyia kazi fedha ile mpaka irudi.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, yatupasa pia kuujua ugonjwa tunaoushughulikia. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, mwili wake umeshikwa. Akiacha ghafla, katika siku mbili tatu za mwanzo aweza kutetemeka mikono, kutoka jasho na kukosa usingizi. Na wengine hupatwa na kifafa, au huona na kusikia visivyokuwapo. Jamaa wasikimbilie kusema amepandwa na majini au amerogwa. Ni hatari ijulikanayo na waganga wa hospitali, nayo yaweza kuua. Mtu wa namna hiyo apelekwe zahanati au hospitali, aachishwe chini ya uangalizi. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta dawa, na kutafuta dawa hakupunguzi tawakali.

Kila mwenye kibanja anaujua mgomba ulioelemewa na mkungu wake. Upepo ukivuma, huanguka. Je, mkulima huling'oa shina lote? La. Huukata ule ulioanguka, huyatunza machipukizi, na msimu wa pili huuegemeza mgomba kwa nguzo kabla upepo haujaja. Aliyeanguka katika pombe na afanye vivyo hivyo: ajiulize upepo ulitoka upande gani, na nguzo akaiweke hapo. Kama uliingia kwa fedha za kahawa, basi siku ya malipo asiende peke yake, na fedha zishikwe na mkewe au mtu mwaminifu. Kama uliingia kwa harusi, aende mapema, awape wenyeji mkono wa heri, arudi kabla vibuyu havijatolewa. Kama uliingia kwa gulio, achague njia isiyopita vilabuni. Na kama upepo wake ni jioni, maana jioni ndiyo saa ya walevi, basi wakati ulio baina ya magharibi na isha na aukalie msikitini.

Hata walio mbali na dini yetu wameliona jambo hili, na Muislamu huiokota hekima popote aionapo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walikutana walevi wawili, Bill Wilson na daktari Robert Smith, wakashikana mikono kuacha pombe. Wiki chache tu baadaye daktari yule alisafiri kwenda kwenye mkutano wa matabibu, akanywa, akalewa. Aliporudi mwenzake hakumfukuza, alikaa naye. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alikunywa mara ya mwisho, akaishi bila pombe hata alipofariki mwaka 1950. Katika kukutana kwa watu wawili hao, mmoja wao akiwa amekwisha kuanguka tena, kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi. Kama mwenzake angalimfungia mlango siku ile, wengi wangalikosa pa kwenda.

Tumeyasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zetu, katika hotuba ya kwanza tulimkabili aliyeanguka. Sasa tunawakabili waliosimama, nasi tukiwa miongoni mwao, na kila aliyesimama amesimamishwa.

Imo katika Sahihi ya Imam Bukhari habari ya mtu mmoja wa Madina, jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Mtu huyu alikuwa ameadhibiwa kwa ulevi, kisha akaletwa tena kwa kosa lile lile, akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani, akistaajabu jinsi anavyoletwa mara nyingi. Mtume akamkataza kumlaani, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Zingatieni, ndugu zetu. Adhabu haikuondolewa, na udugu pia haukuondolewa. Alikuwa mlevi aliyerudia na kurudia, na bado Mtume alishuhudia mapenzi yaliyokuwa kifuani mwake. Nani kati yetu leo anayethubutu kusema kwamba hakuna kitu katika kifua cha jirani yake?

Na imepokewa katika vitabu vya tafsiri, katika maelezo ya mwanzo wa Sura ya Ghafir, kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliulizia habari za mtu mmoja hodari wa Shamu aliyekuwa akimjia, akaambiwa kwamba amezama katika ulevi. Umar akamwandikia barua ya kumkumbusha rehema ya Mola na ukali wa adhabu yake, akawataka waliokuwapo wamwombee. Mtu yule aliisoma barua ile akairudia, akalia, akaacha. Umar akawafundisha watu wafanye hivyo wamwonapo ndugu yao ameteleza, wala wasiwe wasaidizi wa shetani juu yake.

Sisi tunafanya nini? Mtu akikosekana Ijumaa mbili, habari zake tunazipata, tena tunazisimulia barazani, na barua hatumwandikii. Akirudi, tunamtazama kwa pembe ya jicho, na mwingine huvuta pumzi kumnusa. Kufanya hivyo ni kumsaidia shetani. Basi kila msikiti katika Karagwe na Kyerwa, ambazo hata mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, na wateue watu wawili watatu wenye siri na upole, wakamgongee mlango aliyekosekana. Wasimhutubie. Wamwambie, "Tumekukosa, twende tukasali," wakae naye, na kesho yake warudi. Na mke wake na watoto wasisahauliwe, maana wao huanguka naye kila aangukapo bila kuonja tone. Akiwapiga au akiwanyima chakula, wapewe himaya. Upole kwa mlevi hauna maana ya kuwaacha aila wake wadhulumiwe.

Na liko neno gumu, nasi hatuna budi kulisema. Wako baina yetu wasiokunywa tone, lakini huuza mikungu ya ndizi za pombe kwa wapishi wa rubisi na wa gongo wakijua wazi inakokwenda. Katika hadithi mashuhuri, aliyelaaniwa si mnywaji peke yake. Yumo mkamuaji, na mchukuzi, na muuzaji, na mwenye kula thamani yake. Tutamkaribishaje ndugu yetu safu ya mbele, hali sisi ndio tuliompelekea mtumbwini? Ardhi iliyobeba ndizi za pombe yaweza kubeba ndizi za kupika, na maharage, na kahawa. Tunajua karo za watoto zinategemea mikungu ile, wala mabadiliko hayaji kwa siku moja. Lakini na yaanze msimu huu.

Na wewe, ndugu uliyekaa nyuma ya nyumba ukiisikia sauti hii kwa redio ya jirani: safu yako ipo, hatujaijaza. Sala ya alasiri haijaingia. Simama uoge.

Ewe Mola wetu, waliosimama wathibitishe, walioanguka wainue, wagonjwa waponye. Zirudishe nyumba zilizotawanyika, walishe watoto wetu kwa halali, na utujaalie tuwe wasaidizi wa ndugu zetu, wala usitujaalie kuwa wasaidizi wa shetani juu yao. Ibariki nchi yetu na watu wake kwa amani. Amin. Simamisheni sala.