Utulivu wa Adhuhuri: Faraja ya Mkristo katika Msimu wa Kaskazi



Mada niliyokabidhiwa yataka tuzungumze juu ya utulivu na faraja ya roho katika msimu wa joto, na kwa kuwa sisi sote tuliomo ukumbini ni watu wa pwani, nimeona hapana haja ya kwenda mbali kuutafuta msimu huo. Ni kaskazi: miezi ile tangu Desemba mpaka Machi, pepo zinapovuma kutoka upande wa Arabuni, masika hayajawadia, na mchana wa Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 32 za Selsiasi, kisha usiku ukaingia na hari yake bila kumwachia mtu usingizi wa kumtosha. Katika miezi hiyo hiyo huangukia Krismasi, na aghalabu sehemu kubwa ya Kwaresima. Ndugu zetu wa Ulaya, ambao kwao wametoka wengi wa wamisionari wetu wa kwanza, huifunga Kwaresima baridi ikiwa inaaga, na vitabu vya tafakuri tulivyorithi kwao vimejaa habari za theluji inayoyeyuka na miti inayochipua. Mwamini wa Tanga au wa Mombasa asomapo hayo huweza kudhani kwamba ibada ya kweli yataka nchi ya baridi, na kwamba joto ni hasimu wa sala. Mimi nasema hasha, na ushahidi wa neno langu nautoa jangwani.

Maandiko hayakuikimbia saa ya jua kali. Ibrahimu alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake huko Mamre, mchana wa hari, alipoinua macho akawaona wageni watatu. Na Bwana wetu, kama asimuliavyo Yohana, aliketi kwenye kisima cha Yakobo, yapata saa sita, kwa kuwa safari ilikuwa imemchosha, na katika uchovu ule ule akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Wahubiri tunayakimbilia mazungumzo yaliyofuata, nayo ni mazungumzo makuu. Lakini kwanza Mwokozi alichoka, akaketi, wala hakuona haya kuonekana ameketi.

Katika karne ya nne jangwa la Misri lilikaliwa na watawa wengi, na mmoja wao alikuwa Evagrius, mzaliwa wa Ponto, aliyekuwa shemasi Constantinople kabla ya kuuacha mji ule wenye fahari, akafariki jangwani mwaka 399. Huyu ameandika juu ya jaribu la uchovu wa roho, ambalo alilitambua kuwa ndilo shetani wa adhuhuri. Asema humvamia mtawa kuanzia saa nne na kumzingira mpaka saa nane; na saa zake ni hizi hizi zetu, zihesabiwazo tangu mapambazuko, kwa hiyo hatuna haja ya kuzigeuza. Jua huonekana halisogei, na siku huonekana ina saa hamsini. Mtawa huchungulia dirishani, hutoka nje kukadiria kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia, huangaza huku na huku kama yuko ndugu anayekuja. Kisha huanza kupachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, na kuamini kwamba upendo umetoweka baina ya ndugu, wala hakuna wa kumfariji. Nani kati yetu asiyeijua hali hii? Uvivu wa mwili ni sehemu ndogo tu ya jaribu hilo; iliyo kubwa ni fadhaa ya moyo unaokataa kuwapo pale ulipo, na siku hizi moyo huo huchungulia simu mara kwa mara kama mtawa yule alivyochungulia dirisha lake.

Dawa waliyoiona wazee wale wa jangwani ilikuwa sahali kuieleza, ngumu kuitimiza: kubaki. Husimuliwa kwamba Antonio Mkuu, alipozidiwa na uchovu huo, alimwona mtu mfano wake ameketi anasuka kamba ya majani ya mtende, akainuka kusali, akaketi tena kusuka, akainuka tena kusali; naye akafahamu kwamba ni malaika aliyetumwa kumfundisha. Yohane Kasiano ameandika habari za mzee mmoja, Paulo, aliyeishi mbali na mji mwendo wa siku saba na zaidi, hata gharama ya kupeleka kazi zake sokoni ikapita thamani yake. Hata hivyo kila siku aliyafanyia kazi majani ya mitende, na pango lilipojaa kazi ya mwaka mzima, aliichoma moto, akaanza upya. Dunia yetu ya faida na hasara itamwona mwendawazimu. Mimi namwona mtu aliyeelewa kwamba mikono ikituama katika kazi ndogo, roho nayo hupata mahali pa kukaa.

Ilimu hii kwetu si ngeni. Mtazameni bibi wa pwani barazani pake adhuhuri: kindu zimetiwa maji zisikatike, ncha ya ukili ameibana kwa kidole gumba cha mguu, vidole vinakwenda bila kutazamwa, na midomo yajongea polepole kwa sala aliyoihifadhi tangu utotoni. Mkindu ni nduguye mtende. Huyu bibi hajapata kusikia jina la Antonio, na anafanya lile lile alilofundishwa Antonio.

Najua mtaniuliza: na mchukuzi wa bandarini, na fundi mwashi aliye juu ya jukwaa, na mama wa genge asiyeweza kufunga biashara? Hao hatuna haki ya kuwaambia waketi barazani. Kwao yatosha sala fupi ya sentensi moja, ikisemwa wakati wa kunywa maji, na tusiwatwike zaidi. Jirani zetu Waislamu wamejua tangu kale kuikatiza shughuli ya mchana kwa swala, na Wakatoliki wana kengele ya Malaika wa Bwana saa sita. Mazoea yamekwisha kuwako, tunachokosa ni mahali.

Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, limesimama palipokuwa soko la watumwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, kaskazi ikiwa imeingia. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia na ambaye alizikwa humo mwaka 1882, alilijenga kwa mawe ya matumbawe na kuliezeka kuba ndefu. Mahali ambapo wanadamu walipigwa mnada juani, leo mtu aliyechoka aweza kuingia akaketi kivulini. Sioni tafsiri ya Injili iliyo wazi kuliko hiyo.

Makanisa yetu mengi, kinyume chake, hufungwa kwa kufuli baada ya ibada ya asubuhi, yakafunguliwa jioni kwa mazoezi ya kwaya. Ombi langu kwa semina hii, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba kila usharika uliowakilishwa hapa uifungue milango ya kanisa lake tangu saa sita mpaka saa tisa, siku zote za kaskazi ijayo, uweke mtungi wa maji na mzee mmoja wa zamu, bila mahubiri na bila sadaka.